Nondo za Duka Lako Zinajua Unachouza
Mwongozo kwa wenye maduka ya rejareja Keza, Rulenge, Nyakahura na vijiji jirani

Duka la kawaida la kijijini Ngara lina dirisha la nondo au wavu wa chuma, na tundu dogo la kupitishia pesa na bidhaa. Muuzaji yuko ndani, mteja yuko barazani. Nondo ziliwekwa ili mtu asiingize mkono. Lakini zimeleta faida nyingine ambayo wenye maduka wengi hawaitumii: mteja hawezi kuchukua kitu mwenyewe, kwa hiyo lazima aseme anachotaka. Kila anayekuja anatamka hitaji lake kwa mdomo, hata lile ambalo huna.

Mwongozo huu unakuonyesha jinsi ya kugeuza vitu unavyotumia kuzuia wizi (nondo, hesabu ya stoku, droo yenye kufuli, kreti za chupa tupu, mashine ya EFD ya risiti za kodi, na kamera kama unayo) viwe chanzo cha taarifa za mauzo. Hautakudai kompyuta. Utakudai daftari, kalamu iliyofungwa kwa kamba, na dakika chache kila jioni.

Kwa nini mlinzi anaweza kuwa karani

Katika supamaketi kubwa za Dar es Salaam au Nairobi utaona nguzo mbili mlangoni zinazopiga kelele mtu akitoka na bidhaa ambayo haijalipiwa. Ndani ya bidhaa kuna lebo. Nguzo hutuma mawimbi, lebo huyajibu, nguzo husikia. Aina moja iliyoenea hufanya kazi kwenye kilohezi 58, nyingine kwenye megahezi 8.2. Ukilipa, keshia huifungua lebo au kuizima.

Biashara hiyo ilikua kutokana na mwizi. Miaka ya 1960, Ronald Assaf alikuwa meneja wa duka la Kroger mjini Akron, Ohio, Marekani. Baada ya kumkimbiza mwizi wa mvinyo na kushindwa kumkamata, yeye na wenzake walitengeneza mfumo wa kuzuia wizi, na kampuni yao ikawa Sensormatic. Ilinunuliwa na Tyco mwaka 2001, na leo jina hilo liko chini ya Johnson Controls. Siku hizi chini ya jina hilohilo huuzwa pia mitambo ya kuhesabu watu. Wenye maduka waligundua kwamba mlangoni panapokamatwa mwizi ndipo panapopita wateja wote. Wakiingia watu 400 na risiti zikawa 100, meneja anajua kwamba mtu mmoja kati ya wanne ndiye aliyenunua. Anajua pia saa ngapi aongeze makeshia.

Asichojua ni kile walichokitaka wale 300. Waliingia, wakatazama rafu, wakatoka kimya. Wewe wa dirisha la nondo unakijua, kwa sababu walikuuliza. Kwa hiyo akija mtu kukuuzia vifaa vya mlangoni, mshukuru na umpe soda. Ulicho nacho barazani kinakuambia zaidi.

Kuna sababu nyingine inayotuhusu sisi hasa. Mzigo wetu unatoka mbali: Ngara mjini, Kabanga, na mara nyingi Kahama au Mwanza kupitia Nyakanazi na Lusahunga. Mwenye duka wa Kariakoo akiishiwa betri asubuhi, anavuka barabara. Ukiishiwa wewe, unasubiri gari la mzigo. Ukikosea makadirio, unabaki na katoni tatu za kitu kisichotoka huku mtaji wako umelala, na wateja wanaenda kwa jirani kutafuta kile ulichoacha kununua.

Hatua ya kwanza: karatasi ya "Hakuna"

Anza hapa, kwa sababu haina gharama na matokeo yake huja haraka kuliko yote.

1. Chukua ukurasa mmoja wa daftari kwa kila wiki. Andika juu tarehe za wiki hiyo.
2. Ubandike ukutani kwa ndani, karibu na tundu la dirisha, mkono wa muuzaji ufike bila kuinuka. Ukiuweka kwenye droo hautaandikwa.
3. Mteja akisema, "Kaka, una betri ndogo?" na wewe ukajibu, "Hakuna, dada," andika "betri ndogo" na uweke kistari. Akija mwingine kuuliza hicho hicho, ongeza kistari. Kistari cha tano kikate vinne vya kwanza, ili kuhesabu kuwe rahisi.
4. Tofautisha aina tatu za "hakuna": *limeisha* (huwa unauza ila limekwisha), *hatuuzi* (hujawahi kuleta), na *kipimo* (bidhaa ipo, lakini anataka kiasi ambacho hupimi, kwa mfano mafuta ya kula ya shilingi 200). Herufi moja mbele ya jina inatosha: L, H, au K.
5. Jumapili jioni, hesabu vistari.

Herufi hizo tatu ni kiini cha kazi yote, kwa sababu kila moja ina dawa yake. L nyingi maana yake unaagiza kwa kuchelewa au unaagiza kidogo. H nyingi za kitu kimoja ni bidhaa mpya inayobisha hodi. K nyingi zinakuambia pesa ya kijiji iko vipande vidogo kuliko vipimo vyako, na hapo huhitaji mtaji wa ziada, unahitaji kipimo kidogo zaidi.

> ONYO: kistari kimoja si soko
> Mtu mmoja akiuliza kitu mara nne kwa wiki, hivyo ni vistari vinne lakini mteja ni mmoja. Muuzaji anayewafahamu wateja atajua. Mwambie aweke duara kwenye kistari cha mtu aliyekwisha kuuliza wiki hiyo. Na usiagize katoni nzima kwa sababu ya wiki moja: subiri kitu kirudie wiki tatu, au anza na dazeni.

Kosa linaloua karatasi hii ni mwenye duka kuitumia kumlaumu muuzaji: "Kwa nini 'hakuna' zimekuwa nyingi hivi?" Wiki inayofuata karatasi itakuwa safi, na wewe utakuwa umepofuka. Karatasi yenye vistari vingi ni kazi nzuri ya muuzaji. Mwambie hivyo waziwazi.

Hatua ya pili: kupiga stoku

Kupiga stoku kumezoeleka kama kazi ya kumkamata mtu. Bosi anakuja ghafla, duka linafungwa, watu wanahesabu kwa hasira, mwisho kunatajwa shoti. Hesabu ya namna hiyo inafanywa mara mbili kwa mwaka na haikuambii chochote kuhusu biashara, kwa sababu imechanganya miezi sita ya mambo. Ipige kila wiki, kwa bidhaa chache, na itafanya kazi mbili kwa pamoja: kuonyesha kinachopotea na kuonyesha kinachouzwa.

Kanuni ni moja:

> Kilichotoka = stoku ya mwanzo + mzigo ulioingia − stoku ya mwisho

Kilichotoka ukikilinganisha na kilichoandikwa kwenye daftari la mauzo, unapata pengo. Pengo ni habari ya ulinzi. Kilichotoka chenyewe ni habari ya soko. Wengi huangalia pengo tu na kutupa ile nyingine.

Namna ya kufanya:

1. Chagua bidhaa zisizozidi kumi na mbili. Chukua zile zinazobeba pesa nyingi (sukari, mchele, unga, mafuta ya kula, sabuni ya mche, soda) na zile ndogo zinazoibika kirahisi (betri, sigara, wembe, vocha za kukwangua kama bado unauza).
2. Chagua siku na saa moja isiyobadilika, kabla ya kufungua au baada ya kufunga. Usihesabu katikati ya siku huku wateja wanaita dirishani.
3. Hesabuni wawili, mwenye duka na kijana wa duka. Mmoja ahesabu kwa sauti, mwingine aandike. Wote wawili watie saini. Hii humlinda muuzaji kama inavyokulinda wewe.
4. Vya kupima, vipimeni kwenye mizani. Mfuko uliofunguliwa haukadiriwi kwa macho.
5. Mzigo mpya ukiingia, uandikwe siku ileile na kiasi chake, hata kama gari limefika usiku.
6. Weka safu ya mikopo na safu ya vilivyokwenda nyumbani. Kilo ya sukari uliyoipeleka kwako bila kuiandika itakuja kuonekana kama wizi wa kijana wako.

*Mfano wa hesabu ya sukari kwa wiki moja*

| | Kilo |
|---|---|
| Stoku ya Jumatatu asubuhi | 32 |
| Mzigo ulioingia | 50 |
| Stoku ya Jumapili jioni | 27 |
| Kilichotoka | 55 |
| Kilichouzwa taslimu na lipa namba | 46 |
| Mikopo | 5 |
| Nyumbani | 2.5 |
| Jumla iliyoandikwa | 53.5 |
| Pengo | 1.5 |

Kabla hujamwita mtu mwizi, fanya hesabu ya mizani. Kilo 53.5 zikipimwa robo robo ni mipimo 214. Muuzaji mwenye mkono mwema akizidisha gramu 5 tu kila mpimo, imekwenda zaidi kidogo ya kilo moja. Kimebaki chini ya nusu kilo cha kuulizia, na panya na mfuko uliochanika vinaweza kukijibu. Dawa ya pengo hili ni mizani, na mizani ya biashara inatakiwa kuhakikiwa na Wakala wa Vipimo (WMA) kila mwaka hata hivyo.

Sasa angalia upande wa pili wa jedwali, ule ambao wengi hawausomi. Kilo 55 kwa siku saba ni karibu kilo 8 kwa siku. Zimebaki 27, yaani siku tatu na kidogo. Kama gari lako la mzigo huja Ijumaa, sukari itakuishia Alhamisi asubuhi, na karatasi ya "Hakuna" itajaa herufi L. Umelijua hilo Jumapili. Una siku nne za kupiga simu kwa wa jumla.

*Kreti za soda*

Chupa tupu ndicho kihesabio bora kuliko vyote dukani kwako, na kiliwekwa kwa ajili ya ulinzi: mteja huacha dhamana ili chupa irudi. Ukiwa na kreti tatu za chupa 24, una chupa 72 na idadi hiyo haipaswi kubadilika. Jioni umekuta zilizojaa 28 na tupu 41. Jumla ni 69, kwa hiyo chupa 3 ziko mitaani na dhamana zake zinapaswa kuwa kwenye droo. Na kama asubuhi zote zilikuwa zimejaa, soda zilizouzwa ni 72 kutoa 28, yaani 44. Hukuhitaji mtu akuandikie mauzo. Tenganisha tupu kwa aina ya soda, na utajua pia ipi inatoka na ipi inakaa vumbi.

> SHOTI SI LAZIMA IWE WIZI
> Kagua kwa mpangilio huu kabla ya kumtuhumu mtu:
> ☐ Mizani imehakikiwa? Vipimo vya mafuta ni vilevile?
> ☐ Mzigo ulipopokelewa ulihesabiwa, au uliamini risiti ya wa jumla?
> ☐ Mikopo yote iko kwenye daftari la madeni?
> ☐ Vilivyoharibika, vilivyovunjika, vilivyoliwa na panya vimeandikwa?
> ☐ Nani wa nyumbani alichukua kitu?
> ☐ Bei ilibadilika katikati ya wiki, na muuzaji aliambiwa?
> ☐ Pengo linajirudia kwa bidhaa ileile na zamu ileile?
>
> Ni swali la mwisho tu linaloelekea kwenye wizi. Pengo la sukari peke yake huelekea mizani. Pengo la betri na sigara, wiki tatu mfululizo, zamu ya mtu mmoja, hilo ni la kukaa na kuzungumza.

Na mkizungumza, usikate mshahara kwa hasira. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haimruhusu mwajiri kukata hasara kiholela: mfanyakazi aelezwe kwa maandishi sababu na kiasi, apewe nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya mshahara wake. Jedwali lililosainiwa na wote wawili ndilo litakalosimama mbele ya yeyote mtakayempelekea shauri.

Hatua ya tatu: droo, lipa namba na mashine

Droo ya pesa ina kufuli na mtu mmoja mwenye ufunguo kwa kila zamu. Anza kila zamu na chenji ya kiasi maalumu, kisha mwisho hesabu: pesa iliyomo, kutoa chenji ya kuanzia, ni mauzo ya taslimu ya zamu hiyo. Andika zamu, siku na jina. Wiki nne zikipita utaona jambo ambalo hakuna mwizi anayehusika nalo: pengine mauzo ya zamu ya jioni ni makubwa kuliko ya asubuhi nzima, na wewe umekuwa ukifunga saa 12.

Lipa namba imekuja kama njia ya usalama, pesa zisikae dukani usiku. Lakini kila malipo huacha saa na kiasi kwenye simu. Taarifa ya miamala ya mwezi ni daftari la mauzo lililojiandika lenyewe. Kasoro yake ni kwamba haisemi kimeuzwa nini. Tena usichanganye lipa namba ya duka na namba yako binafsi: mchango wa harusi ukiingia humo, hesabu zimeharibika.



Mashine ya EFD ilianza kutumika nchini mwaka 2010 ili mauzo yasifichwe. Wenye maduka wengi wanaiona kama jicho la Mamlaka ya Mapato (TRA), na ni kweli, ila jicho hilo linaweza kukutazamia pia. Kosa la kawaida ni kuandika kila kitu kwa neno moja, "bidhaa", na kubonyeza bei. Mwombe fundi wa wakala aliyekuuzia akuwekee majina na namba za bidhaa zako kuu. Kila jioni ukitoa ripoti ya Z (ile ya mauzo ya siku nzima), iandike jumla yake kwenye daftari pembeni ya jumla ya droo na lipa namba. Jumla hizo zikipishana, mojawapo inasema uongo.

Kama mauzo yako bado hayajafika kiwango cha kulazimika kutumia mashine, kumbukumbu zinakusaidia vilevile. Chukua viwango vya kodi ya makadirio vilivyowekwa na Sheria ya Fedha ya 2019: mfanyabiashara mdogo mwenye mauzo ya kati ya shilingi milioni 4 na milioni 7 kwa mwaka, asiye na kumbukumbu, alitozwa 100,000. Mwenye kumbukumbu alitozwa asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4. Kwa mauzo ya milioni 5, hiyo ni 30,000. Daftari la shilingi elfu moja au mbili liliokoa 70,000. Viwango huweza kubadilishwa na Sheria ya Fedha ya kila mwaka, kwa hiyo uliza ofisi ya TRA Ngara au Biharamulo vya mwaka huu kabla ya kukadiriwa.

Kamera, kama unayo

Kamera ndogo za sola zenye laini ya simu zimefika hata pasipo na umeme wa gridi. Wengi huzinunua baada ya kuvunjiwa, na baada ya mwezi hawazitazami tena. Kadi ya kumbukumbu ikijaa, kamera hufuta ya zamani na kuandika mapya, kwa hiyo usichokitazama mapema kinapotea.

Kwa mauzo, itumie hivi:

1. Chagua siku tatu tu za mwezi: siku ya gulio, siku ya kawaida, na Jumapili.
2. Rudisha picha kwa kasi, saa moja baada ya nyingine. Hesabu waliofika dirishani, kisha walioondoka na kitu mkononi.
3. Linganisha na karatasi ya "Hakuna" ya siku hiyo. Waliokuja 60, walionunua 45, vistari 6: kuna watu 9 walioondoka bila kununua wala kuandikwa. Huenda bei iliwashinda, huenda walisubiri mno, huenda walikuja kupiga soga tu barazani. Waulize wachache.
4. Tazama foleni. Saa ambayo watu wanne wanasimama nyuma ya mmoja ndiyo saa ya kuongeza mtu wa pili, hata kama ni binti yako akitoka shule.

Usitegemee idadi ya arifa zinazokuja kwenye simu. Kamera hizi huwaka kila kitu kikipita: mbuzi, watoto, mtu mmoja aliyerudi mara tatu kuchukua chenji yake.

> ONYO LA SHERIA NA LA HESHIMA
> Picha ya mtu ni taarifa yake binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inasimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi (PDPC), ambayo pia ndiyo husajili wanaokusanya taarifa hizo.
> ☐ Bandika tangazo linaloonekana: hapa pana kamera, kwa ajili ya ulinzi na kuhesabu wateja.
> ☐ Mwambie mfanyakazi kabla ya kuifunga, si baada.
> ☐ Ielekeze dirishani kwako, isitazame mlango wa jirani wala njia ya kisimani.
> ☐ Kama wewe ni wakala wa pesa za simu, isione vidole vya mteja anapoingiza namba yake ya siri.
> ☐ Usitume picha ya mteja kwenye kundi la WhatsApp la kijiji, hata kama unaamini ameiba. Peleka polisi au kwa mwenyekiti wa kijiji.
> ☐ Ukishahesabu, andika idadi na uache picha zifutike. Unachohitaji ni 60 na 45, si nyuso.

Kwa duka la mtaji mdogo, mimi ningenunua mizani nzuri kabla ya kamera.

Kusoma ulichokusanya

Baada ya wiki nne utakuwa na karatasi nne za "Hakuna", majedwali manne ya stoku na jumla za kila zamu. Zitandaze mezani kwa pamoja, siku duka likiwa limefungwa. Tafuta haya:

Bidhaa iliyotoka nyingi na kupata L nyingi iongezwe kwenye oda ijayo kabla ya kitu kingine chochote. Pesa iko hapo na unaikataa.

Bidhaa iliyokaa wiki nne bila kupungua hata robo, ishushe bei kidogo uikomboe pesa yako, au ubadilishane na jirani anayeiuza. Kukataa kuiuza kwa hasara ndogo ni kuendelea kulipia kukaa kwake rafuni.

Herufi H iliyorudi wiki tatu, ijaribu kwa kiasi kidogo. Weka bei ya jaribio na uandike kwenye jedwali la stoku kama bidhaa ya kumi na tatu kwa mwezi mmoja.

Kisha angalia kalenda ya kijiji. Malipo ya kahawa yakiingia, watu hununua mabati, sare za shule, baiskeli; kwako watanunua mchele na sabuni kwa wingi, na kulipa madeni. Kipindi cha kupanda, pesa inakwenda kwenye mbegu na jembe, na K zinaongezeka. Ukilinganisha mwezi wa kahawa na mwezi wa njaa utadhani umeibiwa au umetajirika, na vyote viwili si kweli. Linganisha Julai hii na Julai ijayo. Ndiyo maana daftari la mwaka wa kwanza huonekana halina faida kubwa. La pili ndilo linaloanza kuongea.

> MAKOSA YANAYORUDIARUDIA
> • Kuanza na bidhaa zote za duka. Utachoka siku ya tatu.
> • Kuandika jioni kwa kukumbuka. Kistari huwekwa mteja akiwa bado dirishani.
> • Kusahau madeni. Mikopo ni mauzo, ila pesa yake bado.
> • Kuhesabu stoku peke yako usiku, kisha kutangaza shoti asubuhi.
> • Kumwonyesha kila mtu daftari. Jirani mwenye duka akijua unachouza sana, ataleta hicho hicho kesho kutwa.

Wiki yako ya kwanza

Jumapili jioni: chagua bidhaa zako, hesabuni wawili, sainini. Chora safu za jedwali. Bandika karatasi ya "Hakuna" ukutani na ufunge kalamu kwa kamba.

Jumatatu hadi Jumamosi: vistari, mzigo uandikwe unapoingia, droo ihesabiwe kila zamu. Usihukumu kitu chochote wiki hii.

Jumapili ya pili: hesabuni tena, pigeni hesabu ya kilichotoka, angalieni kitakachoisha kabla ya gari la mzigo kuja, na pigeni simu.

Daftari likijaa, liandike tarehe juu ya jalada na uliweke mahali pakavu, mbali na mafuta ya taa. Sheria ya kodi inakutaka utunze kumbukumbu kwa miaka 5. Risiti za EFD huandikwa kwenye karatasi inayofifia kwa joto na mwanga, kwa hiyo zipige picha kwa simu siku hiyohiyo unayozipata, pamoja na kurasa za jedwali, na umtumie nakala mtu mmoja wa nyumbani unayemwamini.